Ng'ombe Mweusi Kaburini kwa Danieli

Danieli mwanangu, uliyelala upande wa zizi,

Ni mimi, mama yako. Bado mzima, bado nina meno yote, bado nasoma bila kuweka kidole chini ya maneno. Kati ya wanawake waliobatizwa hapa Mvumi hakuna asomaye kama mimi, na anayesema yupo, huyo ana wivu. Mwalimu wangu ulikuwa wewe, kwa hiyo nikijisifu nakusifu wewe. Usinikataze. Ulinikataza ulipokuwa hai na sikusikia.

Nilitaka nikuandikie habari njema kwanza. Sina. Mvua haijaja, mwanangu. Mawingu yanapita juu yetu kama wageni wasiotaka kusalimia. Ng'ombe wamebaki mbavu. Maji tunachimba mchangani mtoni, mwanamke anaingia shimoni mpaka kichwa hakionekani ndipo anapata kata moja ya tope. Na watu wanasema mvua nimeizuia mimi.

Ndiyo, mimi mama yako. Wanasema damu yako imelala juu ya ardhi bila kufunikwa, na ninayekataa kuifunika ni mimi. Juzi kisimani mama Ndulu aliniuliza mbele ya wenzake, "Mama Danieli, mvua umeifungia wapi, kwenye kibuyu au kwenye Kitabu?" Wakacheka. Nikamwambia, "Nimeifungia mdomoni mwako, ndiyo maana haufungi." Wakacheka tena, lakini kicheko cha pili kilikuwa kifupi.

Kilichoniuma si maneno. Kilichoniuma ni kwamba mama Ndulu alikuwepo siku ile. Sote tulikuwepo. Watu wa akida walipotukuta majini wakatutoa vibuyu vichwani, wakasema leo tutabeba mizigo ya Wadachi mpaka reli inakojengwa, na mwenzetu mmoja alikuwa na mimba ya kukaribia kujifungua. Wewe ukaja kutoka darasani, mikono imejaa chaki, ukasimama katikati ya njia. Hukupiga kelele. Ulisema, "Hawa hawaendi." Basi. Maneno mawili, na sisi tukarudi nyumbani na maji yetu. Wewe ukafungwa kamba.

Mgongo wako niliuosha mimi. Sitauandika.

Akida akapeleka habari bomani kwamba mwalimu wa misheni amekufa kwa homa. Bwana wa boma akaandika homa. Nilikwenda mwenyewe kwa miguu, nikakaa kwenye jua nje ya ukuta mpaka askari akanionea huruma akanipa maji. Nikaambiwa shauri limekwisha, mama, rudi nyumbani. Bwana wa misheni naye akanishika mkono akasema, "Msamehe, Mungu atalipa." Ni mtu mwema, nampenda, alikulilia kwa kweli. Lakini nilimwuliza, "Bwana, kusamehe nitasamehe kilichosemwa. Kisichosemwa nakisamehe vipi? Nianzie wapi?" Tangu hapo ananisalimia kwa upole sana, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

Baba yako mdogo Ndahani alitaka nitafute mganga. "Shemeji, yupo mmoja hodari. Akida hatafikisha mavuno." Nilikataa. Usifikiri ni utakatifu, mwanangu, mimi unanijua. Ni kiburi. Kesi nimeshampelekea Mkubwa kuliko wote, nikashuke tena kuomba kwa mdogo? Nionekane nimemchoka? Lakini nikwambie na hili, maana wewe sikufichi. Kila asubuhi nikiomba nasema, "Bwana, mhukumu." Na kila asubuhi natoka nje kutazama barabara kama kuna mtu anakuja na habari kwamba akida ameanguka. Hayupo. Akida ananenepa. Naingia ndani, nasonga ugali wa uwele mwembamba kama uji, nampa mwanao kwanza.

Sasa sikiliza lililotokea.

Wazee walikaa wakasema, akida atoe ng'ombe mweusi asiye na doa, aletwe kaburini kwako, mimi nimwekee mkono mgongoni na kusema yamekwisha. Ndipo achinjwe, na mvua ifunguke. Unajua desturi yetu: mama akishaweka mkono, neno limefungwa. Halisemwi tena bomani, wala kikaoni, wala kisimani. Akida akakubali haraka. Kwa nini asikubali? Ng'ombe mmoja, na jina lake safi mpaka kufa.

Walikuja asubuhi, kijiji kizima. Akida juu ya punda wake, mwavuli mkononi, kanzu nyeupe kama ya arusi. Ng'ombe alikuwa mzuri kweli, hilo siwezi kumnyima. Mweusi wa kung'aa, ana nyama kama vile kwake mvua inanyesha peke yake. Mwanao Petro alipomwona alimeza mate, nikamwona. Raheli mkeo alinishika nguo kwa nyuma.

Ndahani akaniinamia. "Shemeji, weka mkono tu. Mkono hauna mdomo."

Nikatazama watu. Mama Ndulu alikuwa amembeba mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea. Danieli, moyo wangu uligawanyika. Nilisema ndani, Bwana, kama ni mimi ninayewaua hawa, niambie sasa. Hakuniambia kitu. Palikuwa na nzi tu, na huyo ng'ombe akipumua.

Nikamwamkia akida vizuri, kwa adabu uliyonizoea nayo. Nikamwuliza, "Akida, mwanangu alikufa kwa nini?"

Akasema, "Kwa homa, mama. Mungu alimpenda."

"Basi ng'ombe huyu ni wa nini? Kwetu Ugogo homa hailipiwi ng'ombe. Wangapi hapa wamezika watu wa homa? Nani aliletewa hata kuku?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa.

"Ni ng'ombe wa mvua," akida akasema.

"Ng'ombe wa mvua huchinjwa kwa mtemi, penye mambo ya mvua. Huyu umemleta kaburini. Baba, mimi sitaki ng'ombe. Nataka useme. Ukisema, mbele ya hawa wote, sihitaji hata mkia wake. Nitakusamehe hapa hapa, na ninajua kusamehe, waulize watu."

Alikasirika. Uso ulimvimba. Akaninyooshea mwavuli akasema, "Mama, angalia. Ulimi kama huo ndio uliomfikisha mwanao hapo chini."

Kila mtu alisikia. Hata yeye mwenyewe alisikia. Alifunga mdomo kama mtu aliyemeza nzi, akageuza punda, ng'ombe akavutwa nyuma yake, na vumbi likabaki.

Unafikiri walinipigia vigelegele? Walisimama tu. Mmoja mmoja wakaondoka, bila kuniangalia. Ndahani alibaki wa mwisho. Akasema, "Umeshinda, shemeji. Tutakufa kwa njaa, lakini washindi." Kisha akaketi chini karibu na kaburi lako, yeye asiyebatizwa, akalia kwa mara ya kwanza tangu ufe. Nilimletea maji kidogo yaliyokuwepo.

Hakuna atakayekwenda bomani kusema alichosikia. Wanaogopa, na mimi siwalaumu, nimeuona mgongo wako. Na mvua haikuja siku ile, wala baada yake. Wazee wametuma neno: mwezi huu ukiisha mbingu ikiwa bado kavu, nirudi kwetu upande wa Chemba, nikakae na ndugu zangu, niache kijiji kipone. Raheli anasema tuondoke wenyewe kabla ya kufukuzwa, tusitoke kwa aibu. Anaogopa wasije wakamfanyia Petro jambo. Ana haki ya kuogopa.

Mimi siendi. Nikienda, hapa utakuwa mtu wa homa.

Watu wote wamekataa kupanda mpaka mvua ionekane. Wanasema mbegu ni chache, afadhali ziliwe. Zamani tulipanda kavu, tukaziacha mbegu chini ya vumbi zisubiri zenyewe. Jana nimetoa uwele wetu wa mbegu, ambao Petro angeula siku kadhaa, nikauweka mlangoni. Najua nafanya nini. Shamba langu likiota peke yake wataniita mchawi. Lisipoota wataniita aliyelaaniwa. Ndahani amenisikiliza nikimweleza haya yote, akakuna kichwa, kisha akachukua jembe lake akalitia mpini mpya.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii, mwanangu, na nimeisema kwa Mungu kabla ya kukuambia wewe. Sitamlaani akida. Mdomo huu hautamwombea kifo tena, ingawa barabara nitaitazama, macho siwezi kuyatolea ahadi. Wala sitasema yamekwisha mpaka yeye aseme yalivyokuwa. Katikati ya hayo mawili ndipo nitakaposimama, na kama Bwana atachelewa mpaka nizeeke hapo, basi nitakuwa mzee mzuri, si unanijua.

Lala kwa amani, Danieli, mtoto niliyemzaa mimi na si mwingine. Wakija kunitoa watanikuta shambani. Kumekucha, Ndahani ananiita, na ardhi ni ngumu. Tunaanzia upande wako.

Mama yako