Meseji Yako Ukutani

Baba watoto,

Sisi wazima, na kitindamimba kang'oka jino la mbele.

Jana chuoni niliwafundisha walimu wangu watarajiwa kuunganisha simu na projekta. Nikawaonya kwamba mwalimu makini huzuia meseji kwanza, kisha mwenyewe nikasahau. Yako ikatokea ukutani, herufi kubwa kama milango: “Nimechoka kununa huku kwa kaka. Nirudi?”

Darasa zima likaisoma kwa sauti moja, kama nilivyowazoesha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mmoja wa nyuma akauliza, “Mwalimu, tumjibu nini?”

Nakuandikia kwa kalamu maana simu yangu sasa ina wasomaji wengi mno. Tulipiga kura ya mikono, mume wangu. Wangu ndio uliotangulia kunyooka.

Mama watoto