Miwani Yangu ya Vumbi

Dorinda, mtandao umerudi sasa hivi, nipo mjini Gerlach kwenye foleni ya petroli. Brantley, yule niliyekuja naye kwa gari langu, nimemwacha jangwani kwenye tamasha.

Jana mchana nilitoka kambini kwa baiskeli kwenda kuona sanamu ya mbao ya nyangumi. Vumbi likainuka, likafunika kila kitu. Natia mkono kwenye begi nivae miwani ya vumbi, haimo. Haimo, shosti, na unajua huwa naikagua kila nikitoka!

Nikafanya tunavyofundishana hapa tamashani vumbi likija: nikajifunga kitambaa usoni, nikakaa chini palepale. Macho yanawaka. Mara nikasikia muziki unanijia. Gari la sanaa, lile lililoundwa kama konokono, linalozungusha watu tamashani. Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Odalys, mama aliyekuwa akitembea mbele yake kuliongoza, ndiye aliyeniona. "Simama! Kuna mtu hapa!" Gurudumu lilikuwa karibu na goti langu.

Karibu na goti langu, Dorinda.

Narudi kambini, Brantley kaivaa miwani yangu kichwani kama taji. "Nilikuwa napiga picha, mrembo. Acha ubahili, hapa tamashani si tunapeana vitu bure?"

Si tunapeana! Nikaivua kichwani pake, nikaenda kulala.

Leo asubuhi nikapakia gari taratibu. Mizigo yake nikaishusha.

"We, na mimi?"

"Kiti chako nimempa Odalys."

"Unatania, dada!"

"Basi la Reno lipo mchana. Nimekuachia maji na barakoa."

Miwani nimeondoka nayo. Upepo ulikuwa umeshaanza kuvuma.