Kanyaga, shikilia

Shoga, uko hapo? Usinicheke.

Asubuhi gari la marehemu baba nusura linitoe roho. Nafika getini nakanyaga breki, pedali inazama kama nimekanyaga godoro. Nikapiga tena na tena, likasimama bampa imeshagusa geti.

Mafuta ya breki yamejaa. Basi ni upepo umeingia kwenye mabomba, na kuutoa najua. Miaka yote mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani, baba yuko chini ya gari na spana yake: "Kanyaga. Shikilia." Analegeza nati, upepo unatoka, anakaza. "Achia."

Leo nimeingia chini mimi. Spana mkononi, kimpira cha kutolea upepo nimekitumbukiza kwenye chupa. Nikasema, "Kanyaga."

Nikasubiri, shoga. Nikasubiri kabisa. Halafu nikarudia kwa sauti: "Baba, kanyaga."

Nikaona viatu vya jirani. "Unaongea na nani huko chini?"

Nikamwambia niko kwenye simu. Simu ilikuwa juu ya boneti, mbele ya macho yake. Akaitazama, akaondoka.

Jumamosi njoo. Hutachafuka. Nataka tu mtu wa kukaa pale juu, nikisema kanyaga, akanyage.