Nyumba Iliyokungoja, Baba

Dzaleka, Dowa
tarehe 11 Februari 1996

Baba mpendwa,

Nakusalimia kwa heshima mingi, mi binti yako Spès. Habari ya huko Kigoma? Mgongo unasemaje? Étienne, yule dereva wa lori anayetupelekea habari, alituambia siku hizi unatembea na fimbo, ila ubishi ni ule ule. Hiyo ilituchekesha. Sisi huku tunaendelea. Mjukuu wako Kelly anasema Chichewa hata usingizini, anaomba nsima, huo ugali wa huku, kama mtu wa hapa. Bwana yangu Jérôme bado ni zamu kule Lilongwe, Area 47, analinda kwa mzungu mmoja.

Nataka nikueleze vizuri ile nyumba yetu ilivyoanza, maana Étienne ni mtu wa kusema nusu nusu. Huyo mzungu alisimamisha uani nyumba ya duara, ya turubai, ya kulaza bageni. Kuta zake ni fito zilizopishana: ukivuta zinafunguka, ukisukuma zinajikunja, gari dogo moja linabeba nyumba nzima. Jérôme aliisifu mpaka nikamuuliza kama ameoa nyumba ao ameoa mimi. Akasema njo nyumba inayomfaa mkimbizi, vita ikiisha kwetu tunaikunja tunarudi nayo. Nilimcheka sana. Nyumba ya nguo, na mvua ya huku!

Lakini Jérôme ukimcheka njo unamwongezea hamu. Alipanga kila kitu kabla ya kukata mwanzi hata mmoja. Ile ya mzungu paa lake lilikuwa bapa, maji yanatuama. Yetu akaichongoa juu. Sakafu akaiinua kwa matofali ili maji yapite chini. Miguu ya mianzi akaipaka mafuta machafu ya gari kwa sababu ya mchwa. Kamba ni mipira ya baiskeli iliyopasuka, tuliomba kwa bale baendesha kabaza, baiskeli za kubeba abiria. Turubai kuukuu lilitoka Kanengo kwenye maghala ya tumbaku, mpaka leo linanuka tumbaku. Kule mwisho wa kambi tulikoisimamisha umeme haufiki, wala bomba, kwa hiyo maji ya paa yanashukia kwenye pipa. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, ilikuwa imesimama. Nzuri, Baba! Mama aliiita kikapu kilichopinduliwa, lakini kila mchana alienda kufagia mbele ya mlango wake.

Kufagia tu. Ndani hakuingia. Desturi ya ukoo wako unaijua kuliko mimi: nyumba mpya hailaliwi mpaka mkubwa aingie awashe moto wa kwanza. Tukakutumia habari. Étienne akarudi na neno lako, kwamba unakuja, tusiguse mafiga mpaka ufike. Mama alifurahi mpaka akaanza kuimba jikoni.

Mwezi wa kumi na moja hukuja. Mvua ikaanza. Hema letu la zamani limeoza, tulikuwa tunalala na masufuria katikati yetu ya kukinga maji, na nyumba iko pale, tupu. Mama akaanza kukohoa. Jérôme akasema tumhamishe, nami nikasema hivyo hivyo. Mama akakataa katakata, eti tangu umuoe hajakuvunjia neno, hataanza uzeeni. Nilimpigia magoti. Jirani yetu Godelive alimwambia Mungu hana shida na huo moto. Mama akajibu Mungu hana shida, ila mzee wake anayo, na anamjua. Krismasi ikapita. Gari likisimama barabarani, anainua kichwa.

Baba, kama umesimama, keti. Mama ametutoka. Ni Jumapili iliyopita. Kliniki balisema ni mapafu, na sisi tulikuwa tumechelewa kumfikisha.

Siku hiyo mvua haikukatika. Bantu balijaa msibani, na kwenye hema hakukuwa na pahali pa kumlaza. Mi njo nilisema apelekwe kwenye nyumba ya duara. Nikawasha moto kwa mkono wangu, bazee bananitazama. Mule ndani palikuwa pakavu, Baba. Hata tone moja halikuingia. Hiyo njo inaniua.

Najua karatasi za safari si mchezo, na mgongo wako nao. Lakini nina hasira nawe, sitakuficha, na zaidi nina hasira na mimi. Mgonjwa hubebwa, haulizwi. Ningembeba. Alikuwa amebaki mwepesi kabisa.

Sasa bazee ba kwetu hapa kambini bamesema nyumba ifungwe mpaka utume neno, maana moto uliwashwa na asiyestahili. Jérôme ananiangalia mimi tu. Nisamehe, Baba, mara hii sitakungoja. Kelly ameanza kukohoa jana. Nikimaliza barua hii ninabeba godoro.

Jérôme na Godelive banakupa pole nyingi. Nimemwomba Étienne asikuache peke yako siku utakaposoma haya. Kula, hata kidogo. Na uje, Baba, bado tunakutaka.

Mimi mtoto wako,
Spès Nibigira