Wimbo Uliozimwa Kila Nilipopita

Kaka Bakari,

Wimbo umependwa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungekatiza salamu zote uulize hilo kwanza.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako, chumbani kwako hapa Bofu, ng'ambo ya feri. Mama amekubali nikitumie. Kabatini bado zinaning'inia zile leso zake ulizonizungushia nilipokuwa naimba, ili sauti isigonge ukutani. Nakumbuka joto la mle ndani. Nakumbuka ulivyobisha mlango wa kabati ukauliza, "Mwanasha, uko hai?" nikacheka, na kile kicheko ukakiacha ndani ya wimbo bila kuniambia.

Unakumbuka tulivyopatana. Mimi ndiye yule ambaye darasani akiambiwa asome aya moja, sauti humkwama. Nilikwambia nitaimba mara moja tu, jina langu usiliweke, na watu wakiukataa wimbo usiniombe tena maisha yako yote. Ukauliza, "Na wakiupenda?" Nikasema basi nitaimba mwingine, tena mbele za watu. Nilisema hivyo kwa kuwa nilikuwa na hakika hawataupenda. Muziki wa haus, tena wa polepole, dakika saba, mdundo na kinanda, nami niingie baada ya dakika mbili nzima? Hata Mama alikuuliza, "Huyu mtoto mbona haanzi?"

Ukautoa Ijumaa. Jumatano yake kifua kikakubana, na kabla ya adhuhuri… Maisha yako yote. Mimi ndiye niliyetamka maneno hayo.

Siku za matanga sikuuwaza wimbo. Simu yako Mama aliifungia, na mimi sikuwa na moyo wa kutafuta chochote mtandaoni. Wiki ya tatu nikaanza kutumwa dukani, na hapo ndipo nilipousikia. Nilikuwa bado mbali na kwa Rama kinyozi, mwenye spika kubwa mlangoni, nikaitambua besi yako. Nikaongeza mwendo. Nilipofika mbele ya kibanda, ukazimwa. Kesho yake, kwa mama anayeuza viazi karai, simu yake ilikuwa ikiimba. Akaniona, akaizima haraka, akaniuliza habari za Mama. Siku nyingine tuktuk ilikuja nao kwa sauti ya juu, ikanyamaza ilipokaribia nyumba yetu.

Nikajua wimbo wako ni mbovu, na watu wanatuonea haya. Nani angeupiga mbele ya dada wa marehemu? Nilijiambia basi, tumeshajibiwa, siimbi tena. Nililia kwa hilo zaidi ya nilivyolia siku ulipotolewa nyumbani. Nisamehe. Siku ile machozi yalikuwa yamenikauka.

Ikafika khitma yako ya arobaini. Watu walikuwa wametawanyika, mimi niko jikoni naosha sufuria, nikamsikia Rama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba ruhusa."

"Marahaba, mwanangu. Ruhusa ya nini?"

"Ya kufungulia wimbo wa Bakari. Siku zote hizi tunausikiliza kama wezi. Mwanasha akitokeza tu, nauzima. Wateja wananitukana, na mimi wembe niko nao mkononi!"

"Kwani nani aliwakataza?"

"Hakuna. Lakini mna msiba, mama. Muziki uwapitie mlangoni kabla ya arobaini? Hatukulelewa hivyo."

Kaka, nilikaa chini palepale, na sabuni mikononi. Mtaa mzima ulikuwa ukikuheshimu, mimi nikadhani unakukataa. Mama akasema, "Haya, fungulia. Ila ukisikia adhana, uzime." Alasiri ile, kwa mara ya kwanza, niliusikia wote, mwanzo hadi mwisho, ukitoka nje kuja ndani. Mama alisimama dirishani na hakuniangalia.

Baadaye Rama alinionyesha yaliyoandikwa na watu mtandaoni. Mmoja kasema, "Mwimbaji alikwama feri? Dakika mbili hajafika!" Mwenzake akamjibu, "Tulia, magari yanaingia kwanza, abiria baadaye." Mwanamke mmoja anasema huuweka akifua, na nguo zikiisha huuanza upya. Wapo waliosema unasinzisha. Sikuumia. Mtangazaji wa redio aliuliza hewani, "Binti huyu ni nani?"

Basi Jumamosi iliyopita nikaenda kuwajibu. Vijana wa Mishomoroni walikuwa na mchana wa muziki, nikaimba. Mama alikuja pia, akakaa mbele na mkoba wake magotini kama yuko hospitali. Zamu yangu ya kuingia ilipofika, sauti ikakwama. Mdundo ukanipita. Kijana mmoja akapaza sauti, "Dada, panda, feri inaondoka!" Watu wakacheka, nami nikacheka ndani ya kipaza sauti, na nyuma ya kicheko sauti ikatoka. Si nyembamba kama nilivyoogopa. Ilifika mpaka nyuma, niliona vichwa vikigeuka. Nilipomaliza niliwaambia jina langu, halafu lako.

Sitakudanganya kwamba sikutafuti. Jana nilitengeneza chai vikombe vitatu. Lakini siogopi tena kama zamani, na nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Ndani ya kompyuta yako nimekuta mdundo uliouanza, hauna jina, kinanda kinakatika katikati kana kwamba uliitwa kula. Nimeusikiliza mpaka nimeukariri. Maneno yake ninayo. Nakuahidi nitaumaliza kabla matokeo yetu ya mtihani wa shule hayajatoka, na pale ulipokatika sitaongeza kinanda, nitaimba peke yangu.

Kwaheri, kaka. Mungu aliangaze kaburi lako. Kesho asubuhi, Mama akienda sokoni, nafunga mlango naanza.

Dada yako,
Mwanasha