Chupa za Shamba Moja

Sparkhill, Birmingham

Baba yangu mpendwa,

Natumaini mguu sasa unakuruhusu kufika zizini bila mkongojo. Na Mama je, kifua kimetulia? Sisi huku tu wazima wa mwili. Najua Baba Mdogo amekwisha kukupigia simu, lakini yeye husimulia kwa hasira. Acha nikueleze yalivyokuwa.

Javier alifika kwa Baba Mdogo, Castle Vale, Jumamosi saa nane mchana, kuniposa. Alileta chupa sita za mvinyo wa kwao Uhispania. Muratina, pombe yetu ya posa, haipatikani hapa, ndiyo maana Baba Mdogo alikubali mvinyo ushike nafasi yake. Javier akaeleza, nami nikatafsiri: zabibu zote ni za shamba lao moja, mizabibu aliyoipanda babu yake kwenye mteremko wa mawe. Za jirani haziingii hata punje. Baba yake huipogoa kwa mkono kila majira ya baridi, ila mwaka huu amepatwa na kiharusi. Javier hana budi kurudi.

Kisha akaanza kumimina. Baba Mdogo akamshika mkono.

"Polepole, kijana. Hapa hatunywi kabla binti hajasema."

"Mwache," Shangazi akacheka, "ana kiu ya mke huyo."

Baba Mdogo akauliza tutaishi wapi. Shambani, Javier akajibu. Hilo nililijua, na nilikuwa tayari kwenda. Na mwanangu Wambui, je? Javier akatazama meza. Baba yake amesema mtoto asiye wa damu yao asipelekwe. Abaki kwa ndugu zangu hapa, mpaka moyo wa mzee ulainike. Hilo nililisikia pale pale kwa mara ya kwanza, nikalitafsiri neno kwa neno.

"Kwetu ng'ombe haendi akaacha ndama," Shangazi akasema. Safari hii hakucheka.

Baba Mdogo akanigeukia, kama desturi. "Binti yetu, pombe hii tuinywe?"

Nilimtazama Javier. Nilitaka aseme neno, lolote. Alikuwa anafuta shingo ya chupa kwa kidole gumba.

"Msiinywe," nikasema.

Akauliza mara ya pili, na ya tatu. Nikajibu vilevile.

Javier akampa Baba Mdogo mkono, akaondoka. Si mtu mbaya, Baba. Nampenda hata ninapoandika haya, na tangu siku hiyo chakula hakipiti. Chupa ziko palepale mezani. Baba Mdogo hataki kuzifungua wala kuzirudisha.

Wambui alikuwa ghorofani, lakini nyumba hizi kuta zake nyembamba. Tukirudi nyumbani kwa basi akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama yote yale ni kwa sababu yake. Nikamwambia hapana. Nimeandika habari miaka kumi na minane, na sijawahi kuandika jambo nililojua si kweli. Lakini hiyo "hapana" niliisema bila kusita.

Msalimie Mama, mwambie wajina wake anakua. Msalimie kaka anayekukamulia ng'ombe, na mkewe, na yule mjomba aliyekwisha kushona suti ya harusi. Mwambie aivae tu kanisani.

Ni mimi binti yako,
Njeri