Gome la Mgomba na Karatasi ya Dar

Lufingo, 28 Desemba 1991

Wifi yangu Atupele,

Habari za Dar na joto lake? Huku kaka yako Danieli hajambo, watoto hawajambo, isipokuwa Ambwene ana mafua. Mvua hii unaijua mwenyewe.

Zawadi uliyomtumia Baba ilifika salama. Hiyo karatasi, wifi! Nyekundu, inang'aa, na utepe wa dhahabu juu. Mama aliitembeza kwa majirani hata kabla haijafunguliwa. Sasa ameibandika ukutani, na kila mgeni akiingia anaambiwa, "Huyo ni Atupele wetu."

Nitasema tu, nikinyamaza nitapasuka. Nimeona wivu. Unajua mila za kwenu: mkamwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Wenzetu wengi kanisani wameacha, lakini Baba ni mtu wa zamani, nami namheshimu. Tangu niolewe sijamwona usoni. Nikisikia kikohozi chake njiani, najitosa migombani mpaka apite.

Siku yangu ya kumwambia kitu ni Krismasi, na namwambia kwa kumfungia zawadi. Natafuta magome makavu ya mgomba, nayafuta vumbi, nayalaza nje yapate umande yasikatike, nasokota kamba. Juu nachomeka kitawi cha msonobari na pilipili nyekundu mbili. Ndani ni leso tu, au sabuni. Mama ananipelekea. Jibu sijawahi kupata. Mwaka huu cha kwako kiliwekwa mezani, cha kwangu chini, na paka akakilalia.

Ni mimi wifi yako,
Esnath

Dar es Salaam, 9 Februari 1992

Wifi Esnath,

Pole na mvua, mpe pole Ambwene. Sisi tunaendelea, ila jasho tu. Tangu biashara iwe ruksa duka la shemeji yako limejaa vitu vya Dubai, na mimi kutwa nafungia watu zawadi, vidole vinanata gundi.

Eti unanionea wivu? Wewe? Kila barua ya Mama ni Esnath kalima, Esnath kapika, Esnath kanikandia mgongo. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba hiyo, leo habari zake nasimuliwa na mtu aliyekuja kuolewa. Halafu umeniambia karatasi imesifiwa na Mama, majirani na wageni. Baba je? Umemruka. Maana yake hakusema kitu, sivyo?

Sasa nisaidie. Kuna wateja hawaitaki tena karatasi ya kung'aa, wanataka vitu vya asili. Nieleze vizuri unavyofunga.

Wifi yako,
Atupele

Lufingo, 15 Machi 1992

Wifi Atupele,

Salamu zako zimefika, na Ambwene kapona, anarukaruka.

Yaani una duka zima la karatasi, bado unataka na mgomba wangu! Haya, sina choyo. Chagua gome la ndani, ndilo laini. Usitie gundi. Kamba isokote mara mbili, na fundo liwe la kuvuta, ncha moja uiache ndefu. Mkasi usiguse. Anayefungua avute tu, kamba ibaki nzima.

Lakini wauzie wateja wako. Huku kwa Baba niachie mimi.

Wifi yako,
Esnath

Lufingo, 3 Januari 1993

Wifi Atupele,

Heri ya mwaka mpya. Sisi wazima. Wewe sijui, maana huna aibu.

Nilikuomba uniachie! Danieli ameleta mzigo wako kutoka stendi ya Tukuyu, nikaona gome la mgomba, kamba, pilipili, kila kitu changu. Kijikaratasi cha jina kilikuwa kimelowa na kubanduka. Mama alikwenda Mpuguso kumuuguza dada yake, hivyo Danieli akaviweka vyote viwili, cha kwako na changu, mlangoni kwa Baba na kuondoka. Baba akadhani vyote ni vya mkamwana. Atupele si mtu wa karatasi?

Ile sweta uliyomtumia ameivaa Krismasi kanisani. Nilikaa nyuma upande wa wanawake, nikauona mgongo wake. Imemkaa vizuri mno.

Jana asubuhi nikakuta kifurushi kwenye kizingiti cha jiko langu. Gome la mgomba, limefungwa vibaya, mkono wa mwanamume. Ndani asali. Lakini kamba, wifi, zilikuwa zangu. Za Krismasi zote zilizopita, nzima, zimeunganishwa. Mama aliporudi akaniambia, "Mzee anakushukuru sana, anasema ndaga fijo." Nimelia mpaka moto ukazimika.

Esnath

Dar es Salaam, 30 Januari 1993

Esnath,

Salamu baadaye. Sweta ile nimeichagua mwenyewe, rangi anayoipenda Baba toka nikiwa mdogo. Na shukrani umekula wewe, na asali juu! Mwambie sweta ilitoka kwangu.

Atupele

Lufingo, 21 Februari 1993

Wifi Atupele,

Hujambo? Mimi sijambo kabisa.

Nitamwambiaje? Mimi na Baba hatusemeshani. Ningeweza kumtuma Mama, au Danieli. Sitaki. Ndiyo, umesoma sawasawa, sitaki. Wewe una utoto wako wote uliokaa mapajani kwake. Mimi nina chupa moja ya asali.

Wifi yako,
Esnath

Dar es Salaam, 6 Desemba 1993

Wifi yangu Esnath,

Natumaini barua hii inawakuta wazima wote, na Baba kifua hakimsumbui. Nimekaa kimya muda mrefu. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo kidogo. Nilikaa mara nyingi nimwandikie Mama amweleze Baba, nikaishia kwenye salamu. Karatasi zangu wanabandika ukutani, kamba zako Baba anaficha. Hilo linaniuma, lakini kulibadili siwezi.

Nakutumia blanketi la Baba la Krismasi. Limo kwenye gazeti tu, sikulifunga. Lifunge wewe, kwa mkono anaoujua. Akidhani ni lako, mwache adhani.

Ila humo ndani nimeweka kipande cha utepe wa dhahabu. Nakuomba, wifi, usikitoe. Kifunge kwenye blanketi lenyewe, chini ya gome, mahali ambapo hakionekani mpaka avute kamba yako.

Wifi yako,
Atupele